Kambi za Goma za 1994: wajibu au matokeo?

Swali la kama tendo lipimwe kwa wajibu au kwa matokeo yake hufundishwa mara nyingi kwa visa vya kubuni, ila sisi wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda, hatuna haja navyo. Julai 1994 wakimbizi zaidi ya nusu milioni walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakalala juu ya mawe magumu ya volkano ambamo hata shimo la choo halichimbiki, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Miongoni mwao walikuwamo wanajeshi wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, waliotoka kuwaangamiza Watutsi. Hao ndio walioshika uongozi wa kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, wakatawala mgao wa chakula na kuwatisha waliotaka kurudi kwao. Novemba mwaka huohuo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaondoka. Matawi mengine ya shirika hilo yalibaki hadi 1995.

Ni rahisi kusema kwamba walioondoka walifuata wajibu na waliobaki walifuata matokeo. Mgawanyo huo naona ni mwepesi mno. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, mtetezi wa wajibu, aliandika mwaka 1785 kwamba mtu asitendewe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na wakimbizi wale walikuwa wamefanywa hivyo hasa: ngao ya wapiganaji, na idadi ya kudaia mgao mkubwa zaidi. Kukataa kushiriki katika jambo hilo ni hoja ya wajibu. Lakini walioondoka walipiga hesabu pia, maana waliona msaada unawajenga watu waliokuwa wakijiandaa kwa vita vingine. Waliobaki nao walikuwa na kanuni yao, ya kale kuliko Kant: tabibu hamuulizi mgonjwa alifanya nini jana.

Nguvu ya fikra ya Bentham na Mill, wanafalsafa Waingereza wanaopima tendo kwa heri na shari inayoleta, ni kwamba inatulazimisha kumtazama mtoto anayeharisha kabla ya kutazama usafi wa mikono yetu. Ndiyo maana Julai, maiti zikiwa kando ya barabara, kuondoka kungekuwa ukatili, na Novemba, kipindupindu kikiwa kimedhibitiwa, kukaanza kuwa na maana. Udhaifu wake ni kwamba inadai ujuzi ambao hakuna aliyekuwa nao. Mwishoni mwa 1996 kambi hizo zilivunjwa kwa vita. Wengi wakarudi Rwanda, wengine wakakimbilia misituni magharibi ambako wengi walikufa. Nani angeliingiza hilo katika mizani miaka miwili kabla?

Hata hivyo Kant hawapi walioondoka ushindi wa bure. Yeye anataka kila mmoja ajiulize kama angependa kanuni yake ifuatwe na wote. Kama mashirika yote yangeondoka siku ileile, wagonjwa wasio na hatia wangekufa, na wale wenye silaha wangekuwa wa mwisho kuona njaa. Walioondoka waliweza kufanya hivyo bila maafa kwa sababu wengine walibaki kitandani pa wagonjwa, na nadhani deni hilo halisemwi vya kutosha wanaposifiwa kwa msimamo wao. Waliobaki, kwa upande wao, walipaswa kutamka hadharani nani alikuwa akila kwa jina la wakimbizi, hata kama kutamka kungewafungia mlango wa kambi.