Bima ya safari iliyo ndani ya kadi ya benki: inamtosha msafiri mzee?

Benki za Kampala zinapomnadia mteja kadi ya daraja la juu, iwe Platinum, Signature au Infinite, bima ya safari haikosi kwenye orodha ya faida. Imewekwa pamoja na ukumbi wa mapumziko uwanja wa ndege na punguzo la hoteli, na inaelezwa kwa sentensi moja: lipia tiketi kwa kadi hii, tayari una bima. Kwa mfanyabiashara wa miaka 38 anayekwenda Dubai siku nne kufunga mzigo, sentensi hiyo inatosha. Kwa mama wa miaka 71 mwenye presha, anayepanda ndege Entebbe kwenda Leicester kumsaidia binti yake aliyejifungua, haitoshi hata kidogo. Wasafiri wa aina hiyo si wachache. Vijana waliohamia Uingereza, Kanada na Boston miaka ya nyuma sasa wana watoto, na wanaoitwa kwenda kulea wajukuu ni wazazi waliobaki Uganda.

Kwanza tuipe kadi haki yake, kwa sababu wengi wanaoiponda hawajawahi kuulizia bei ya bima ya mzee dukani. Ukienda kwa kampuni ya bima au wakala kununua bima ya safari moja, ada inapanda kwa ngazi za umri. Ukivuka miaka 65 inaongezwa, ukivuka 75 inaongezwa tena, na kuanzia 80 hivi kampuni nyingi ama zinakataa ama zinapunguza kiwango cha fidia. Bima ya kadi haipandishi ada hivyo. Ni bima ya kundi: benki au mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, umelipia wateja wote kwa mkupuo, kijana na mzee bei ile ile, na hakuna fomu ya kuulizwa una kisukari tangu lini. Pale ambapo kadi haina ukomo wa umri, au ukomo wake uko juu, mzee anabebwa na vijana wasiougua.

Lipo pia suala la viza. Sheria ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, inamtaka mwombaji aonyeshe bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, inayofaa katika nchi zote za eneo hilo, na inayogharamia dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya au kifo. Kadi nyingi za daraja la juu zina tovuti ya wateja ambako mwenye kadi hupakua cheti cha bima chenye jina lake na tarehe za safari. Cheti hicho, ikiwa kinataja kiwango na maeneo yanayotakiwa, kinamwondolea mzee usumbufu wa kukimbizana na wakala. Mizigo ikipotea, ndege ikichelewa, miunganisho ikikatika, kadi nayo hufanya kazi vizuri. Mambo hayo hayana umri.

Lakini viza na hospitali ni vitu viwili. Ofisa wa viza anaangalia kama cheti kipo na kimetaja anachokitaka. Mtathmini wa madai, miezi miwili baadaye, anasoma masharti.

Sharti linaloangusha wazee wengi kuliko umri ni lile la ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Hati za bima za kadi kwa kawaida zinaondoa gharama zozote zinazotokana na ugonjwa ambao msafiri alitibiwa, alitumia dawa au alishauriwa na daktari ndani ya kipindi fulani kabla ya kuondoka au kabla ya kulipia tiketi: siku 60, 90, hata 180. Nyingine zinakubali ugonjwa huo, mradi uwe umetulia. Hapo kwenye kutulia ndipo penye mtego. Chukua huyo mama wa Leicester. Anatumia dawa ya presha, amlodipine ya miligramu 5, kwa miaka mingi, presha yake iko sawa. Kwa sababu ni mtu makini, wiki tatu kabla ya safari anakwenda kupimwa. Daktari anaona vipimo vimepanda kidogo, anamwandikia miligramu 10. Kitabibu amefanya la maana kabisa. Kibima, dozi imebadilika, kwa hiyo ugonjwa haukutulia, na kiharusi kikimpata Leicester kampuni ina sababu ya kukataa dai. Jirani yake ambaye hakujisumbua kwenda kliniki, mwenye presha ile ile na karatasi safi, anaweza kulipwa. Sijaona hoja ya kunishawishi kwamba huo ni utaratibu mzuri, ingawa naelewa kampuni zinaogopa nini: watu wanaonunua tiketi wakiwa tayari wagonjwa.

Na wapo wanaofanya hivyo. Tangu Oktoba 2023 Uganda Airlines inaruka moja kwa moja hadi Mumbai, na wengi wanaokwenda India wanafuata hospitali. Hilo bima ya safari, ya kadi au ya kununua, hailigusi. Safari ya kwenda kutibiwa si dharura, na hakuna anayeificha mbele ya mtathmini mwenye barua ya daktari mkononi.

Umri wenyewe umewekwa kwa namna tofauti kutoka kadi hadi kadi. Kanada ndiko unapouona waziwazi. Kadi ya World Elite ya National Bank, kwa mfano, humpa msafiri wa hadi miaka 54 bima ya matibabu ya siku 60, wa miaka 55 hadi 64 siku 31, na wa 65 hadi 75 siku 15. Ukipita hapo, hakuna kitu. Marekani ukomo wa umri hauonekani sana, ila ukomo wa fidia ndio unaofanya kazi hiyo: Chase Sapphire Reserve, kadi inayosifiwa kuliko nyingi kwa bima zake, inatoa hadi dola 100,000 kumsafirisha mgonjwa, lakini matibabu ya dharura ni dola 2,500. Kwa hospitali ya Marekani, dola 2,500 zinaweza kuisha kabla ya kulala usiku mmoja.

Naitaja mifano hiyo kwa makusudi, kwa sababu familia nyingi zinategemea kadi ya mtoto aliyeko ng'ambo. Kijana wa Toronto analipia tiketi ya baba kwa kadi yake na kudhani amemaliza. Bima ya matibabu ya kadi za Kanada inamhusu mtu mwenye bima ya afya ya mkoa wa huko, na inaanza anapotoka mkoa wake. Baba anayeingia akitokea Tororo hayumo. Hata kwenye kadi zetu, neno familia mara nyingi linamaanisha mke au mume na watoto wanaotegemea. Mzazi si mmoja wao mpaka umsome kwa jina kwenye hati. Na hata akiwemo, kadi nyingi zinahesabu safari moja hadi siku 90 au pungufu, wakati viza ya kutembelea Uingereza inaruhusu miezi sita, na bibi akishazoea mtoto hataki kurudi mwezi wa tatu. Kuanzia siku ya 91 anatembea bila bima, na hakuna atakayempigia simu kumwambia.

Kanada wenyewe wamelifunga jambo hili kwa sheria. Mzazi au babu anayeomba super visa, ile inayomruhusu kukaa hadi miaka mitano kwa mara moja, lazima awe na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima tangu siku anayoingia. Bima ya kadi ya benki haifiki mwaka. Uingereza hawadai bima kwenye viza ya kutembelea, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Mgeni anaweza kuonwa bure kwenye kitengo cha dharura, lakini akishalazwa wodini NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, inamtoza asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni la pauni 500 na zaidi lisilolipwa linaweza kutumika kumnyima viza siku nyingine. Anayekwenda Umra hana haja ya kuhangaika sana: viza ya Saudia inakuja na bima yake ya lazima, ingawa nayo inafaa kusomwa.

Kuna kipengele kimoja ambacho familia za Uganda hazipendi kukijadili mezani, nacho ni kurudisha mwili. Mtu akifia ugenini, Waislamu wengi watamzika hukohuko haraka. Kwa familia ambazo lazima marehemu alale kwenye makaburi ya ukoo, gharama ya kuandaa mwili, vibali na mizigo ya ndege ni kubwa, na kinachofuata tunakijua: kundi la WhatsApp, orodha ya majina, mabugo, yaani michango ya msiba, yanayokusanywa kwa wiki mbili huku mwili uko kwenye jokofu la hospitali. Bima nyingi za kadi zinagharamia hili. Lakini kama kifo kimetokana na ugonjwa ulioondolewa kwenye hati, na urudishaji wa mwili nao unaweza kuondolewa pamoja nao. Hili liulizwe peke yake, kwa sababu kwa msafiri wa miaka 75 ndilo huenda likawa na thamani kuliko mengine yote.

Swali lingine ni kama mzee anaweza kuipata hiyo kadi. Wengi wetu tunatembea na kadi ya ATM ya akaunti ya kawaida, ambayo mara nyingi haina bima yoyote ya maana. Kadi ya mkopo hutolewa kwa kuangalia mshahara, na mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inamlipa mwanachama mafao ya uzee kuanzia miaka 55. Baada ya hapo benki itamwomba aweke amana iwe dhamana ya kadi, na kila mwaka atalipa ada. Akisafiri kila baada ya miaka miwili, apige hesabu: ada ya kadi ya miaka miwili na fedha zilizofungiwa benki, dhidi ya bima ya safari moja hata ikiwa imeongezewa kwa sababu ya umri. Nadhani kwa wastaafu wengi kadi inashindwa kwenye hesabu hiyo. Kwa anayesafiri mara tatu kwa mwaka, inashinda.

Wapo wanaosema ukomo wa umri ni ubaguzi na ungepigwa marufuku. Nina huruma na hoja hiyo, lakini Katiba haiwasaidii kiasi wanachodhani. Ibara ya 21 inataja jinsia, rangi, kabila, dini, ulemavu na mengineyo, umri haumo. Umri unaonekana kwenye Ibara ya 32, inayohusu kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma. (Bunge lilipoondoa ukomo wa miaka 75 kwa wagombea urais mwezi Desemba 2017, kadi za benki hazikufuata mfano.) Na kampuni za bima zina jibu la hesabu: mtu wa miaka 78 anaumwa mara nyingi zaidi na matibabu yake ni ghali zaidi. Ukilazimisha bei moja kwa wote, kitakachotokea kwenye soko dogo kama letu, ambalo bima haijafikia hata asilimia 1 ya pato la taifa, ni kadi kuondolewa bima kabisa.

Mimi sigombani na ukomo. Nagombana na kuufichia ukurasa wa 27 wa hati ya Kiingereza ambayo mteja anatumiwa baada ya kusaini. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2011 ya kuwalinda wateja inataka haki, uaminifu na uwazi, na benki inayotangaza bima kwa sentensi moja bila kutaja umri haijatimiza la tatu. Tatizo jingine ni kwamba anayebeba hatari mara nyingi si benki, na huenda si kampuni ya Uganda. Ni kampuni ya nje iliyofunga mkataba na mtandao wa kadi. Ukinunua bima kwa kampuni iliyosajiliwa hapa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Uganda iko Kampala na malalamiko yana mahali pa kupelekwa. Dai la kadi likikataliwa, benki inakuelekeza kwenye barua pepe ya nchi nyingine.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Aliye chini ya miaka 65, hana dawa za kudumu na anakwenda kwa wiki mbili tatu: kadi inatosha, asiongeze gharama. Mwenye presha au kisukari, au aliyevuka 65, au anayekwenda kukaa miezi: anunue bima yake, atangaze ugonjwa wake hata kama ada itapanda, na aendelee kulipia tiketi kwa kadi ili abaki na ile ya mizigo na ucheleweshaji. Akishaumwa, yeye au aliye naye apige namba ya msaada kabla ya kukubali matibabu makubwa. Yapo madai yanayokataliwa kwa sababu tu kampuni haikujulishwa mapema. Namba hiyo awe nayo mwenyeji wake, maana mgonjwa hataikumbuka. Na kabla ya yote, aandikie benki barua pepe akitaja tarehe yake ya kuzaliwa, dawa anazotumia na siku atakazokaa, aulize kama bima inamhusu na umri wake unahesabiwa siku ya kununua tiketi au siku ya kuondoka. Jibu la mdomo la mhudumu wa kaunta halina kazi kwenye dai. Lililoandikwa, aliprinti.