Viterbi afundishwe kwa penseli kwanza, MATLAB baadae

Mi nina msimamo mmoja kuhusu somo la mawasiliano ya kidijitali na nimeubishania sana na wenzangu, kwamba mwanafunzi asiguse kompyuta mpaka awe amekaa na karatasi, akaenkodi biti nne (yaani azigeuze hizo 0 na 1 kuwa msimbo wa kurushwa hewani) kwa mkono, akaharibu moja makusudi, halafu akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi mtu anaandika mistari mitatu kwenye MATLAB, ile programu ya kuhesabia, mmoja wa kuenkodi, mmoja wa kuongeza kelele, mmoja wa kudikodi yaani kurudisha ujumbe, anapata grafu nzuri inashuka vizuri, anaibandika kwenye ripoti, anapata A yake. Ukimuuliza humo ndani kuna nini anakwambia kuna Viterbi, ile algoridhimu ya kudikodi. Haya, Viterbi anafanya nini? Kimya. Inaniuma kwa sababu hii misimbo ya konvolusheni, yaani namna ya kuongeza biti za ziada ili makosa ya njiani yarekebishike, ni moja ya vitu vizuri kabisa kwenye fani yetu na haihitaji hesabu kubwa, mtoto wa kidato cha pili anaiweza.

Na wala sio kitu cha mbali. Umeshawahi kumuona fundi wa dishi anaingiza chaneli mpya kwenye king'amuzi? Anaweka frikwensi, anaweka simborati, anachagua H au V, halafu kuna kamstari kameandikwa FEC, yaani kinga ya makosa, na pembeni 3/4, au 5/6, au 7/8. Wengi wanaiacha kwenye Auto wanaendelea na maisha. Kwa matangazo ya TV ya satelaiti ya DVB-S ile 3/4 ni msimbo wa konvolusheni: biti tatu zinaingia kwenye enkoda, zinatoka sita, halafu mbili zinatupwa makusudi zinarushwa nne. Ukiweka 7/8 zinaingia saba, zinatoka kumi na nne, zinarushwa nane tu. Ndio maana chaneli ya 7/8 inabeba picha nyingi zaidi kwenye nafasi ileile lakini wingu likishuka kidogo yenyewe ndio ya kwanza kuganda.

Enkoda yenyewe ya hapo, ile ya kumbukumbu sita inayoandikwa 171 na 133, kama umefanya hili somo hizo namba utakuwa umekutana nazo. Ndio hizohizo zilizomo kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager vilivyoruka 1977, na ndio zilizomo kwenye Wi-Fi ya 802.11a na g. Chombo kimeshapita sayari zote, kiko zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka hapa, transmita yake ni kama wati 20 hivi, na kinachosaidia sauti yake isipotee kwenye kelele ni msimbo huohuo wa kwenye dishi la jirani yako. Mi hili jambo sijawahi kulizoea.

Sasa tuifanye. Chukua enkoda ndogo ya kufundishia, ina vyumba viwili tu vya kumbukumbu, yaani inakumbuka biti iliyopita na ile iliyoitangulia. Ikiingia biti mpya zinatoka biti mbili. Ya kwanza unaipata hivi, jumlisha biti mpya na zote mbili za kwenye kumbukumbu, ikitoka shufwa andika 0, ikitoka witiri andika 1. Ya pili, jumlisha biti mpya na ile ya zamani zaidi, ya katikati iruke, halafu shufwa na witiri vilevile. Ukimaliza kila biti inasogea chumba kimoja na ya zamani kabisa inadondoka nje. Basi, enkoda imeisha hiyo, hakuna kingine.

Ujumbe wetu uwe 1011. Vyumba vinaanza na 00. Inaingia 1: zote tatu zinajumlika kuwa 1, mbili zinajumlika kuwa 1, inatoka 11. Inaingia 0 inakuta kumbukumbu ni 10: ya kwanza 0+1+0 inatoa 1, ya pili 0+0 inatoa 0, inatoka 10. Inaingia 1 inakuta 01: 1+0+1 ni shufwa, 1+1 ni shufwa, inatoka 00. Inaingia 1 ya mwisho inakuta 10, inatoka 01. Halafu tunasukuma sifuri mbili za kusafisha vyumba ili virudi 00, zinatoka 01 na 11. Kwa hiyo hewani tumerusha 11 10 00 01 01 11. Angalia kitu kimoja hapo, kila biti ya ujumbe wako imeshiriki kwenye jozi tatu mfululizo, kwa hiyo hata jozi moja ikichafuka habari zake bado zipo kwa majirani.

Haribu biti ya tano. Mpokeaji anapata 11 10 10 01 01 11 na hajui ipi imeharibika, hajui hata kama kuna iliyoharibika.

Chora nukta nne kwenda chini, hizo ndizo hali zote za kumbukumbu, 00, 10, 01 na 11, halafu rudia safu hiyo kulia kwa kila jozi iliyopokelewa. Kila nukta inatoa mistari miwili, mmoja kama iliingia 0 na mwingine kama iliingia 1, na juu ya kila mstari andika jozi ambayo enkoda ingetoa. Huu mchoro ndio trelisi. Kazi yako ni kulinganisha jozi ya kwenye mstari na jozi uliyopokea na kuhesabu zinatofautiana biti ngapi, unajumlisha unavyokwenda. Baada ya jozi ya kwanza, nukta ya 10 ina makosa 0 na ya 00 ina 2. Baada ya pili, 01 ina 0, 11 ina 2, 00 na 10 zina 3 kila moja. Kuanzia jozi ya tatu mambo yananoga kwa sababu kila nukta sasa inafikiwa na njia mbili, na hapa ndipo penyewe: unabakiza njia yenye makosa machache na nyingine unaifuta, moja kwa moja, hutairudia tena. Mbona tunaifuta bila woga? Kwa sababu zote mbili zimefika hali ileile, chochote kitakachokuja mbele zitaongezewa makosa sawasawa, aliyebaki nyuma ya mwenzie hapo hawezi kumfikia tena. Mwanafunzi akiielewa sentensi hiyo ameielewa algoridhimu nzima, na hii sentensi MATLAB haikwambii.

Twende. Baada ya jozi ya tatu, ile yenye kosa, nukta ya 00 ina 1, ya 10 ina 1, ya 11 ina 2, ya 01 ina 3. Yaani mbili zimefungana! Moja inasema biti ya tatu ya ujumbe ilikuwa 0 na nyingine inasema ilikuwa 1, na kwa ushahidi uliopo mpaka hapo hakuna wa kumuamini. Dikoda haichagui, inaendelea kubeba zote. Baada ya jozi ya nne nukta ya 11 ina 1 na nyingine zote zina 2. Ya tano ni ya kusafisha kwa hiyo zinabaki nukta mbili tu, 01 ina 1 na 00 ina 3 (pale 00 njia mbili zinafika zote na 3, chagua yoyote haina shida). Ya sita zinakutana pale 00, mmoja na 1 mwingine na 5. Moja kwa tano, kesi imekwisha. Rudi nyuma kwenye njia iliyoshinda usome biti zilizoingia: 1, 0, 1, 1. Ni kama unaongea na mtu yuko Kariakoo, neno moja limemezwa na honi, humkatishi, unaacha amalize sentensi na maneno ya mbele yanakujazia lile lililopotea.

Pale kwenye kufungana ndipo ninapotaka kila mwanafunzi apite na penseli. Ukikiona kile kitendo cha kutoamua, ukakishika kwa mkono wako, hukisahau.

Kingine ambacho slaidi zinakipita mbio ni kwamba msimbo ulikuja kabla ya namna nzuri ya kuudikodi. Mwanahisabati Claude Shannon alishaonyesha 1948 kwamba inawezekana kutuma ujumbe kwenye kelele na makosa yakawa machache utakavyo, ilimradi usizidishe kasi fulani. Peter Elias wa MIT akaleta misimbo ya konvolusheni 1955. Kudikodi kukawa shughuli, kina Wozencraft na Fano walikuwa na mbinu za kufuata njia moja, ukiona inakwenda vibaya unarudi unajaribu nyingine, inafanya kazi ila hujui itachukua muda gani. Ndio 1967 Andrew Viterbi, mzaliwa wa Bergamo kule Italia ambaye familia yake ya Kiyahudi ilikimbilia Marekani 1939 akiwa mtoto, akachapisha algoridhimu yake, na mwenyewe aliiona zaidi kama chombo cha kuthibitishia nadharia. Jerry Heller ndiye alionyesha kwamba hata kumbukumbu fupi tu inatoa faida kubwa kwa hiyo inajengeka, na Dave Forney akaeleza kwamba njia inayobaki ndiyo yenye uwezekano mkubwa kuliko zote, sio makadirio. Na haikuwekewa hatimiliki, ilibaki ya kila mtu. Nafikiri hilo peke yake linaeleza nusu ya kwa nini iko kila mahali.

Chukua GSM, mtandao wa simu wa 2G. Kila milisekunde 20 simu inatoa biti 260 za sauti yako, na waliotengeneza hawakuzilinda sawasawa. Biti 50 ambazo zikiharibika sauti inachafuka kabisa zinaongezewa 3 za ukaguzi, zinafuata 132 za umuhimu wa kati, zinawekwa 4 za kusafisha, jumla 189, zinapita enkoda zinakuwa 378. Zile 78 zilizobaki zinaachwa uchi, zikichafuka sikio halisumbuki sana. 378 na 78 ni 456. Halafu hizo 456 zinachanganywa na kusambazwa kwenye vipande 8 vya muda, kwa sababu Viterbi ni hodari kwa makosa yaliyotawanyika lakini ukimletea makosa kumi yamefuatana anapotea. Njia zinazowezekana hapo ni 2 kwa kipeo cha 185, namba ya tarakimu 56, ukitaka kuzijaribu mojamoja hata ukipewa kompyuta zote za dunia humalizi, ila trelisi ina hatua 189 na hali 16 kila hatua, kasimu ka tochi kanamaliza kabla hujapepesa jicho.

Na ukipiga *150*00# simu ikiwa kwenye 2G kule kijijini, hela zako zinapita hukohuko. Hapo biti hazibaguliwi, 184 za ujumbe zinaongezewa 40 za ukaguzi na 4 za kusafisha, zinakuwa 228, enkoda inazifanya 456. Pesa kwa simu Tanzania na Kenya zilianza kwenye mtandao huu, kwenye enkoda ya vyumba vinne, na sielewi tunawezaje kumaliza mhula mzima wa somo hili bila kumwambia mwanafunzi hivyo.

Najua wanaonipinga watasema hii ni ya kizamani, 5G inatumia misimbo mingine, LDPC na polar, tusipoteze muda. Ni kweli 5G ndivyo ilivyo. Lakini LTE, yaani 4G, ambayo wengi wetu tunaitumia leo, chaneli zake za udhibiti zinatumia msimbo wa konvolusheni wa kumbukumbu sita, ishara mpya ya GPS iitwayo L5 inao, Bluetooth 5 ikitaka kwenda mbali inautumia. Misimbo ya turbo ya 1993 iliyoitikisa fani nzima ni enkoda mbili za konvolusheni zinazosaidiana. Na Viterbi mwenyewe ameshatoka kwenye redio siku nyingi, yumo kwenye kutambua usemi, yumo kwenye kuchambua DNA. Mtu akikimbilia LDPC bila kupita hapa anaishia kubeba jina lingine la kukariri.

Baada ya penseli kompyuta iingie, wala siipingi, kuna vitu mkono hauviwezi. Mfano tofauti ya kumpa dikoda 0 na 1 kavu na kumpa kiwango cha uhakika. Badala ya redio kusema "hii ni 1" inasema kuanzia 0 mpaka 7 ina uhakika kiasi gani, na kwa mabadiliko hayo tu unapata karibu desibeli (dB) 2, ambayo ni kama kupunguza nguvu ya transmita kwa theluthi nzima na bado unasikika vilevile. Hiyo ndio grafu ya kuchora kwenye MATLAB, na mwanafunzi aliyehesabu makosa kwa mkono ataelewa ni namba zipi zimebadilika kwenye ile mistari ya trelisi na kwa nini.

Kwa anayetaka kujaribu leo, tumia enkoda ileile, pokea 11 10 10 01 11 11. Safari hii biti mbili zimeharibika. Ukifanya sawasawa njia itakayoshinda itamaliza na makosa 2, inayoifuatia 4, na ujumbe utatoka uleule. Ukiweza hiyo, haribu ya tatu unayoitaka wewe halafu uangalie dikoda inakupeleka wapi.