Swichi mgeni alivyopindua serikali

Ilikuwa tarehe 28, siku ya mishahara, na mimi kwa akili zangu timamu nikaona ndo siku nzuri ya kuongeza swichi ya nne (kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi kwenye mtandao) kwenye staki ya ofisi, yaani swichi zilizoungwa pamoja. Zilikuwepo swichi za Cisco 3750 tatu, zimeungwa kwa nyuma na zile kebo fupi nene, zinafanya kazi kama swichi moja na mmoja wao ndo kiongozi. Kiongozi anapatikana kwa namba, 1 mpaka 15, mwenye kubwa anashika nchi, usipogusa kitu wote wanabaki na 1.

Sasa ile mpya nilikuwa nimeichezea mezani jana yake, nikaandika `switch 1 priority 15`, yaani amri ya kuipa namba 15, kujifunza tu, nikasahau kuirudisha. Nikaipandisha kwenye raki ikiwa imewaka (hapo ndo nilipojimaliza, ilitakiwa izimwe kwanza), nikachomeka kebo.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wangu kaja na 15 yake, kakuta wenyeji wana 1, kajitangaza mkuu, na wale watatu wakajizima wakawaka upya kumfuata yeye, ambaye kichwani hana kitu, mipangilio ya ofisi haijui, mweupe pee.

Cha ajabu kukawa kimya. Hakuna simu hata moja, nikajipongeza. Kumbe simu za mezani zinakula umeme wa hizo hizo swichi, na ya kwangu ya mkononi nimeiacha kwenye chaji, watu wanipigie na nini? Wakaja kwa miguu. Wa kwanza dada wa uhasibu, viatu mkononi, hakusema kitu, alisimama tu mlangoni ananiangalia. Nyuma yake bosi.

Nikachomeka waya wa konsoli, ule wa kuongea na swichi moja kwa moja, kwenye laptopu, mkono unatetemeka. Jina la ofisi halipo, nakutana na swali la Kiingereza.

"Inauliza nini hiyo?"

"Inauliza kama nataka kuanza upya, bosi."

"Hata mimi nataka kukuuliza hivyo hivyo."

Bahati nilikuwa na nakala ya konfigi, yaani mipangilio yote ya swichi za ofisi, kwenye laptopu. Nikaibandika, ikawa inashuka mstari kwa mstari kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde, yaani kama bibi anashuka ngazi, na bosi anaisoma yote kwa sauti na haelewi hata moja.

Mishahara iliingia saa 12 jioni. Wa kwangu uliingia kesho yake, na dada wa uhasibu anasema ni mtandao.