Ile jamii tunayoisifu ni mwanamke mmoja

Sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulioko Ubelgiji tukikutana, iwe Matonge, mtaa wa Wakongo kule Brussels, ama sebuleni kwa mtu hapa Ghent, bugali haijapoa mtu ameshasema Wazungu hawana utu. Wazee wao wanawapeleka kwenye nyumba za wazee, wagonjwa wa akili wanawafungia, jirani anafia ghorofani na habari unaipata kwa harufu. Kwetu, tunasema, mgonjwa ni wa wote.

Hilo neno la mwisho limenichosha. Ingia nyumba yoyote ya Kadutu, kule kwetu Bukavu, yenye mwanamke anayeugua akili, uulize nani anamuogesha. Nani anaamka usiku mgonjwa akitoka nje bila nguo? Nani anachanganya dawa na uji ili asiiteme? Utaonyeshwa mtu mmoja: dada yake, au mama yake ambaye naye magoti yamechoka, au binti aliyetolewa shule ili akae naye. Wengine tunafika kikao kikiitwa. Baba wakubwa wanaongea, wajomba wanaongea, sisi wa Ulaya tunaongea kwa simu tukiwekwa juu ya meza, kisha kila mtu anaenda kwake na yule dada anabaki na ndoo.

Na ugonjwa wenyewe haupokelewi sawa. Mume akiugua, mke anamtunza, na akithubutu kuondoka mtaa mzima utamsema. Mke akiugua, mara nyingi anarudishwa kwao na mashauri ya mahari juu yake, watoto wakibaki upande wa baba. Akiishia barabarani, siku moja ataonekana sokoni na mimba, na watu watacheka wakiulizana ni ya nani. Wanauliza kama kitendawili. Sijasikia mtu akienda kuliuliza swali hilo polisi.

Mimi ni mtu wa kanisa, naomba asubuhi na jioni. Lakini mama aliyejifungua juzi, hapati usingizi, anasikia sauti zinazomwambia mambo ya kutisha juu ya mtoto wake, halafu anafungishwa bila chakula ili pepo litoke! Ni ugonjwa unaojulikana, unatibika, na unataka daktari siku hiyo hiyo. Tusidanganyane kwamba ni mambo ya kule tu: vyumba vya maombi tulivyofungua huku Ulaya vimepanda ndege na mafundisho yale yale.

Sasa ngoja niwaeleze habari ya Geel, mji mdogo upande wa Antwerp. Tangu karne za kati, familia za pale zinapokea wagonjwa wa akili wasio ndugu zao na kuishi nao. Inasemwa ilianza na mahujaji wa Mtakatifu Dymphna, binti wa mfalme wa Ireland aliyemkimbia baba yake mwenyewe, baba aliyerukwa na akili akataka kumuoa, akamfuata mpaka hapo na kumuua. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wageni hao walipita 3,000. Leo wamepungua sana, lakini desturi ipo, na wengine wamekaa na familia moja miaka mingi mpaka wazazi wamekufa na watoto wao wakawarithi.

Tunapenda kusema huruma ni yetu, na hapa kuna Wazungu wenye huruma ya kijiji kizima. Ila mimi kilichonigusa zaidi ni mpangilio wake. Familia inalipwa posho. Muuguzi anapita nyumbani. Mgonjwa akizidiwa, hospitali ipo nyuma yao, inampokea mpaka atulie. Hakuna anayemwambia mama mwenye nyumba kwamba ana moyo mzuri halafu akamwachia kila kitu.

Ubelgiji si mbinguni, nawaambia. Nchi hii ina vitanda vingi vya hospitali za akili kuliko nyingi za Ulaya. Mwanasaikolojia wa mkataba wa serikali unaweza kumlipia euro 11 tu, lakini foleni yake ni ndefu, na ukifika unaongea naye Kiholanzi. Fikiria mama wa Walungu, kule vijijini kwetu, aliyezoea Mashi, lugha ya huko, na Kiswahili, yuko peke yake ghorofa ya tano, anaeleza mambo ya vita kupitia mkalimani ambaye labda anafahamiana na shemeji yake. Anasema yuko sawa. Anaandikwa yuko sawa.

Na kwetu si kwamba hakuna kitu. Shirika la Mabruda wa Charité, watawa wa Kikatoliki, lililoanzishwa na padri Triest hapa Ghent mwaka 1807, ndilo linaloendesha vituo vya wagonjwa wa akili: Sosame pale Bukavu, Tulizo Letu pale Goma, na kule Lubumbashi kituo chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent. Kivu Kusini kwenyewe, jimbo la Bukavu, kulifanyika utafiti uliotolewa mwaka 2013, wa wanawake waliobakwa ama kushuhudia ubakaji. Waliokaa pamoja kwenye vikundi vya tiba, wakiongozwa na wasaidizi wa hapo hapo waliofundishwa, miezi 6 baadaye ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kwa waliopewa msaada wa mmoja mmoja ilikuwa asilimia 42. Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo kukaa pamoja kunaponya, mradi kuwe na mtu aliyefundishwa, saa inayojulikana na mahali pa kukutania.

Kupanga tunajua. Tuna likelemba, yaani mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, tuna makundi ya AVEC ya kuweka na kukopa, na mtu akifa mchango wa matanga unajaa kabla jua halijatua. Sindano ya mwezi ya mgonjwa wa akili aliye hai ndiyo inayokosa mchangiaji.

Kwenye WhatsApp ya familia yetu nilipendekeza binamu yangu anayemtunza dada yake alipwe kitu kila mwezi. Mjomba mmoja aliwaka: alipwe kumtunza damu yake? Wengine wakasema benki zimefungwa tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, kana kwamba pesa za matanga hazipiti kwenye simu. Mwishowe binamu mwenyewe akatuma sauti. Akasema pesa atazipokea, asante, lakini kwanza anataka mtu wa kushinda pale nyumbani kila Jumapili ili yeye aende misa na kupita soko la Nyawera. Tulio mbali tulijibu haraka kwamba tutatuma pesa. Wa Bukavu, ambao baadhi yao wanakaa mwendo wa dakika chache kutoka pale, bado wanaandika.