Inarudisha Nini, Chenji?

Jumatatu saa tatu usiku, mhasibu wa shule moja kanipigia. "Kaka, mfumo wako umegoma." Alibadilisha namba ya simu ya mzazi, akabonyeza Hifadhi, mtandao ukasuasua, akabonyeza tena. Likamtokea lile bango jekundu nililoliandika kwa mkono wangu: "Imeshindikana." Akajaribu mara sita. Sita!

Nafungua hifadhidata, namba mpya ipo, imetulia tuli.

MySQL, programu inayotunza hifadhidata hiyo, ukiiambia isasishe, kwa kawaida yake huhesabu mistari iliyobadilika kweli, si iliyopatikana. Mara ya kwanza ilijibu 1. Ya pili namba ilikuwa ileile, ikajibu 0. Na mimi kwenye PHP, lugha niliyoandikia mfumo, nilikuwa nimeweka alama ya mshangao mbele ya jibu, yaani "kama si kweli, toa bango", basi: 0 na false (hapana, imeshindikana) wakapita mlango mmoja.

Uzembe wangu? Haya, nusu. Nusu nyingine ni nyaraka za fremuweki tunayotumia, ile mifupa ya programu iliyoandikwa tayari, ambazo chini ya fanksheni (amri) ya kusasisha zinasema: "Hurudisha matokeo." Asanteni sana. Nilidhani inarudisha chenji.

Matokeo gani? Idadi? Ndiyo au hapana? Mstari usipopatikana napewa null (hakuna kitu), orodha tupu, au natupiwa kosa usoni? Kila jibu hapo lina kodi (code) yake ya kuandika, na mimi nabahatisha kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye nyumba ya kupanga. Django, fremuweki nyingine, kwa update() yao, fanksheni ya kusasisha, wanasema wazi kwamba inarudisha idadi ya mistari iliyolingana, na kwamba idadi hiyo huenda isiwe sawa na ya iliyosasishwa, kama mingine tayari ina thamani mpya. Sentensi moja! Tena kwa MySQL wanaiwasha kabisa bendera ya FOUND_ROWS, inayoiambia ihesabu mistari iliyopatikana, ili waliloahidi liwe kweli.

Najua, waandishi wengi wa nyaraka wanajitolea, na kodi iko wazi. Niliisoma. Fanksheni inaita fanksheni inayoita fanksheni, saa tano usiku, chai imepoa. Kama jibu ni "soma kodi", zifuteni hizo nyaraka tujue moja.

Na msiniambie aina za majibu zilizotajwa kwenye kodi zinatosha. "int|false", yaani namba nzima au false, haisemi 0 ni msiba au ni kawaida.

Asubuhi nikampigia mhasibu.

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikubali?"

"Ndiyo, dada."

"Sasa mbona uliniambia imeshindikana?"