Operesheni ya matundu na hesabu ya wiki 6

Kwenye foleni za kliniki za akina mama hapa Dar es Salaam husemwa kwamba operesheni ya matundu, ya kuondoa uvimbe wa kizazi kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni, ni ya wenye pesa, wengine tukatwe tumbo. Kuhusu bei hawakosei: kamera na vifaa vyake ni ghali, na daktari wake husomea miaka. Ila bei wanayoitaja ni ya dirisha la malipo tu.

Aliyekatwa tumbo kuondoa uvimbe wa kizazi huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kurudi kazini. Wa matundu, yenye upana wa kama sentimita 1, mara nyingi hutoka kesho yake, na baada ya wiki 2 hivi anaanza shughuli. Sasa mchukue mama lishe wa Buguruni. Wiki 6 asibebe ndoo, asiinue sufuria, asigombanie daladala. Mtaji unaliwa, wateja wanahamia kwa jirani, marejesho ya kikoba hayasubiri. Nani anamlipia siku hizo? Kwa hakika mwenye mshahara ndiye anayeweza kumudu mshono mrefu, maana mshahara wake unaingia akiwa kitandani.

Na kwa anayetafuta mtoto kuna makovu ya ndani, yanayoweza kuishikanisha mirija na ovari. Matundu nayo huyaacha, lakini kwa kawaida machache zaidi. Uvimbe ulioota ndani ya mji wa mimba, ambao ndio hasa huzuia mimba kushika, mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitia ukeni, bila kutoboa tumbo kabisa.

Wanaotetea kisu wana hoja nzito. Vidole hupapasa uvimbe mdogo usioonekana kwa kamera, na kizazi kisiposhonwa imara kinaweza kupasuka wakati wa ujauzito. Kushona kupitia matundu si kazi ya kila mkono. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya mashine ya kusagia uvimbe tumboni ili upite kwenye matundu, ikikadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa operesheni ya uvimbe wa kizazi ana saratani iliyojificha, ambayo mashine inaweza kuisambaza. Onyo hilo naliheshimu, ingawa linahusu mashine ile, si matundu yote.

Kizazi kikishafika kitovuni, mama akatwe tumbo bila kubishana. Lakini mwenye uvimbe mdogo wa ndani, anayepangiwa kisu kwa sababu tu hospitali aliyofika haina kamera, aandikiwe rufaa.