Dawa Bure, Nauli Je?

Mjomba wangu haogopi sindano. Akiitwa ndani anageuka mwenyewe, anashusha suruali kidogo, nesi anachoma, basi. Dakika mbili hazifiki. Kazi iko kwenye kufika kwa huyo nesi.

Nyumbani kwetu ni Singida, ndani huko, si mjini. Mjomba ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, na anapata sindano ya mwezi katika hospitali kubwa. Safari ni bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi. Hasafiri peke yake, kwa hiyo kila nauli inalipwa mara mbili. Kuna bodaboda wanaomjua ambao hawakubali kumpakia mpaka akae katikati, mshikaki, mama yangu nyuma yake amemkumbatia, eti asije akaruka. Ni mtu wa miaka 50 na kitu. Hajawahi kuruka kutoka kwenye chombo chochote.

Kwa siku moja mama anatumia 24,000. Sindano yenyewe hailipii, kwa sababu mgonjwa wa akili yumo katika kundi la msamaha kwenye hospitali za serikali. Msamaha ni mzuri, siupingi. Ila unaanzia dirisha la dawa, na mama pesa zake zimeshaishia stendi.

Mwaka juzi mfululizo wa miezi miwili walikuta dawa haipo. "Mama, njooni mwezi ujao, ila mpige simu kwanza." Mama akauliza apige kwa nani. Hakupewa namba. Ulipoingia mwezi wa tatu bila sindano mjomba alikuwa hapati usingizi, anazungumza na ukuta, na siku moja akawafukuza watoto wa jirani kwa panga. Akarudishwa hospitali ile ile nyuma ya pikapu, amefungwa kamba ya katani. Makovu mikononi bado yapo.

Na zahanati tunayo! Ukisimama uani kwa mama unaliona bati lake. Mjomba akiumwa malaria anatibiwa pale pale na kurudi kwa miguu. Akiumwa ule ugonjwa wake anaandikiwa rufaa. Katika mwongozo wa matibabu wa serikali kila dawa ina herufi ya ngazi inakoruhusiwa kutumika: A ni zahanati, B kituo cha afya, C wilaya, D mkoa, S kwa mabingwa. Mgonjwa wa kijijini hajui kwamba kuna herufi inayompandisha basi. Na hata herufi ikiruhusu, lazima awepo mtu aliyefundishwa, na kopo lisiwe tupu.

Wazo la kuipeleka huduma hii chini ni la zamani. Azimio la Alma-Ata, la huduma ya afya ya msingi, ni la 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu Morogoro na Kilimanjaro kuwafundisha wahudumu wa kawaida wa afya kutibu magonjwa ya akili na kifafa. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008. Lakini katika vichwa vyetu tiba ya akili bado ina anwani moja, hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mtu akikosea hesabu dukani wanamwambia, "Wewe wa kupelekwa Mirembe." Utani, ndiyo, nami nimeutania sana kabla ya mjomba kuugua.

Anayesema haiwezekani kufikisha dawa ya kila siku hadi kijijini, aende akaone siku ya CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimefika huko. Mgonjwa aliyetulia anabeba za miezi kadhaa kwa mkupuo, asipotokea tarehe yake anaandikwa mtoro, na mtu anatumwa kumtafuta. Mjomba alipokosa miezi miwili hakuna aliyemwita mtoro. Hakuna aliyegundua. Daftari lile lile na mhudumu wa jamii yule yule wangeweza kumbeba na yeye.

Zimbabwe nako kuna kina bibi waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mwenye mawazo. Lilianza Mbare, Harare, 2006, kwa daktari Dixon Chibanda. Washona huita hali hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na sisi tunasema tu "ana mawazo". Ningependa benchi la namna hiyo chini ya mwembe wa zahanati yetu, hasa kwa mama, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza analalaje. Kwa mjomba benchi halitoshi. Yeye anahitaji sindano.

Jana mama kapiga simu. Kadi inasema Jumanne, mvua imekata njia ya mkato, bodaboda wanazungukia mbali na wamepandisha bei. Nimetuma 30,000. Akaniuliza kama najua mtu yeyote hospitalini wa kumpigia, ajue kama dawa ipo kabla hawajapanda.